Mtu wa Cairo na Mashine ya Kuazima

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, fundi mitambo mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni, baada ya chakula cha mchana. Tunaichapa kama alivyoisoma.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu mliolala katika mabweni haya kabla hayajapigwa lipu, na nyinyi vijana mnaolala humo sasa.

Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague mada itakayowafaa wanafunzi. Aghalabu mada za namna hiyo ni mbili: nidhamu, na umuhimu wa hisabati. Zote mbili mmekwisha kuzisikia, tena kwa watu waliokuwa wakishika namba nzuri darasani kuliko mimi. Mimi nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1973, nikawa fundi mitambo wa redio, na kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya kioo nikipandisha na kushusha sauti za watu wengine. Kwa hiyo leo nataka kuwajulisha kwa mtu mmoja wa kazi inayokaribiana na yangu, mtunzi wa muziki wa mitambo, ambaye nadhani wengi wenu hamjapata kumsikia. Jina lake Halim El-Dabh, Mmisri. Halafu, mkinivumilia, nitaungama kosa moja nililolifanya, nalo linaihusu shule hii.

Kwanza, muziki wa mitambo ni nini? Mtunzi wa kawaida huandika nota, akawapa wapigaji, nao wakapiga. Mtunzi wa mitambo huichukua sauti yenyewe, iwe ya mtu, ya mvua au ya gari moshi, akainasa, kisha akaifanyia kazi kama seremala afanyavyo ubao: akaikata, akaipiga randa, akaigeuza, akaiunga na nyingine, mpaka kikapatikana kitu ambacho hakikuwapo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, na vijana wengi huifanya chumbani mwao. Lakini ilianza zamani, na ilianza kwa jasho.

Najua mmoja wa wazee wenzangu pale mbele amekwisha kumnong'oneza jirani yake: huo ni muziki, au redio imekosa stesheni? Swali lake ni la haki, nami nililiuliza vivyo hivyo. Namwomba angoje kidogo.

El-Dabh alizaliwa Cairo tarehe 4 Machi 1921, kitinda mimba wa watoto tisa katika nyumba ya Wakristo wa Kikopti. Mwaka 1932, yeye akiwa na miaka 11, ulifanyika mjini humo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, uliowakusanya wanamuziki na wataalamu wa nchi nyingi, miongoni mwao Béla Bartók wa Hungaria na Paul Hindemith wa Ujerumani. Mtoto huyo alihudhuria pamoja na kaka yake. Hata hivyo alipokua hakusomea muziki. Alisomea uhandisi wa kilimo, akahitimu mwaka 1945 katika chuo ambacho leo huitwa Chuo Kikuu cha Cairo. Kilimo kilimpeleka vijijini, na huko vijijini, mbali ya mazao, alikuwa akisikiliza nyimbo na ngoma za wenyeji.

Mwaka 1944, akiwa bado mwanafunzi, yeye na rafiki yake waliazima kinasa sauti kutoka ofisi za Redio ya Mashariki ya Kati mjini Cairo. Nawaomba mlishike neno hilo: waliazima. Kinasa sauti chenyewe hakikuwa cha ukanda kama tulivyovijua sisi. Kilikuwa cha waya wa chuma, mwembamba kama unywele, unaopita mbele ya sumaku na kuishika sauti. Ufundi huo ulibuniwa na Mdenmarki Valdemar Poulsen mwaka 1898. Katika mashine za namna hiyo zilizouzwa madukani baada ya vita, sauti ya saa moja ilihitaji waya wa zaidi ya kilomita 2. Waya ukikatika, unaufunga fundo kama kamba ya mbuzi. Ukifumuka na kujisokota, basi siku yako imekwisha.

Wakaibeba mashine hiyo nzito mpaka kwenye zaar. Wenzetu wa pwani hawahitaji maelezo marefu, maana zaar ni jamaa ya ngoma ya pepo tunayoijua. Huchezwa Misri, Sudani na Ethiopia. Mgonjwa huletwa, ubani ukafukizwa, matari yakapigwa, na mkanda ulioshonewa kwato za mbuzi ukatikiswa kiunoni, mpaka pepo akatulizwa. Ile waliyoiendea ilikuwa shughuli ya wanawake, wanaume hawakuruhusiwa. Vijana wale wakajifunika vichwa kama wanawake, wakaingia. Sikusema hayo ili mwige, mwalimu wa zamu asije akanilaumu. Siku hizi ruhusa huombwa kwanza, na ndivyo ipasavyo.

Walipokwisha kunasa, wengi wetu tungeishia hapo na kusema tumehifadhi utamaduni. El-Dabh aliuchukua waya wake akaingia studio ya redio ile ile, na hapo ndipo penye ugunduzi wake. Kwa kulieleza jambo hili sihitaji mtambo wowote, kwa sababu chombo cha kulielezea kinaning'inia pale nje kwenye mwembe: kipande chetu cha reli.

Kipigeni nondo, mtasikia mlio mmoja mkubwa unaokurupusha watu vitandani. Lakini sikilizeni vizuri. Ndani ya mlio huo mmoja mna milio mingi. Uko ule wa msingi, mnene, na juu yake imepanda mingine myembamba, inayotetema, ambayo hatuisikii kwa sababu ule mkubwa umeifunika. El-Dabh aliona kwamba katika sauti za wale wanawake mlikuwa na sauti nyingine zilizofichwa hivyo hivyo. Akataka kuiondoa ile ya msingi, ibaki iliyofichwa. Alitumia mitambo ya kupunguza na kuongeza sauti, akatumia mwangwi, akatumia chumba chenye kuta za kusogezwa: ukuta ukiwa karibu mwangwi ni mfupi, ukiwa mbali mwangwi ni mrefu. Alipiga sauti humo, akainasa upya, akaipiga tena, akainasa tena. Mwishoni maneno hayakusikika, matari hayakusikika. Kilichobaki ni mvumo unaopanda na kushuka kama pumzi za watu wengi waliolala chumba kimoja.

Kazi hiyo, yenye urefu wa dakika 20 hadi 25, aliiita The Expression of Zaar, akaipiga hadharani mwaka huo huo wa 1944 katika jengo la YMCA mjini Cairo. Sehemu yake ya dakika kama mbili imetufikia kwenye sahani iliyotolewa miaka mingi baadaye.

Vitabu vingi vya muziki huanza hadithi hii Paris, Ufaransa. Husema kwamba mwaka 1948 fundi wa redio Pierre Schaeffer alinasa milio ya gari moshi na vitu vingine, akaiunga ikawa muziki, ikatangazwa redioni mwezi Oktoba. Hayo ni kweli, na Schaeffer anastahili heshima yake. Lakini 1944 hutangulia 1948, na Cairo iko Afrika. Sisemi hayo ili tupige vifua. Nayasema kwa sababu yapo mawazo ambayo mtoto wa Kiafrika huyapata, kisha akayatupa, akidhani kwamba yangekuwa na maana yangekwisha kupatikana kwa wenzetu. Huyu hakuyatupa.

Habari zake zilizobaki nitazisema kwa ufupi. Mwaka 1949 alipiga piano katika kanisa kuu la All Saints mjini Cairo, na sifa yake ikaenea. Mwaka 1950 alipata msaada wa masomo wa Fulbright, akaenda Marekani, na mmoja wa walimu wake huko alikuwa Aaron Copland. Mwaka 1958 muziki wake ulichezewa New York katika Clytemnestra, tamthilia ya dansi ya Martha Graham. Kuanzia mwaka 1959 alifanya kazi katika kituo cha muziki wa kielektroniki cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton. Huko palikuwa na mtambo wa RCA uliojaa ukuta mzima, ukiamrishwa kwa karatasi iliyotobolewa matundu. Huko huko alitunga Leiyla and the Poet, iliyotoka kwenye santuri mwaka 1964. Waliosoma habari za Laila na Majnuni watalitambua jina.

Sasa angalieni alichokifanya baada ya kuufikia mtambo ule ambao watunzi wengi wa dunia waliuota tu. Mwaka 1962 alikwenda Addis Ababa kufundisha katika chuo kikuu, na mwaka 1963 alianzisha Orchestra Ethiopia. Aliwakusanya wapigaji wa masinko, krar, begena na washint kutoka makabila mbalimbali, ambao kwa desturi hawakuwa wakipiga pamoja, akawaketisha jukwaa moja. Baadaye alirudi Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Howard, kisha Kent State katika jimbo la Ohio tangu mwaka 1969. Alifariki huko tarehe 2 Septemba 2017, akiwa na umri wa miaka 96. Katika mambo yote hayo kazi yake ilikuwa ile ile: kusikiliza ambacho wengine wamekipita.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naja kwenye kosa langu.

Mwaka 1980 nilitumwa na kituo changu cha redio kunasa kwaya fulani mkoani hapa. Nilipomaliza, nikapitia shuleni kuwaamkia walimu. Begani nilikuwa na kinasa sauti aina ya Uher, mali ya ofisi, yaani nami niliazimwa. Katika mkoba nilibakiwa na ukanda mmoja wa nusu saa.

Wa miaka yangu mnamkumbuka mzee wa kengele. Sitamtaja jina. Alikuwa na kibanda chake kando ya stoo, na jioni alikuwa akipiga malimba kwenye kizingiti, sisi tukipita na ndoo za maji bila kugeuka. Siku ile nikamwomba nimnase. Alicheka, akaingia ndani, akavaa shati safi, kana kwamba anapigwa picha. Nusu saa nzima nilimnasa. Alipiga malimba na kuimba kwa lugha ya kwao. Kisha akanipeleka kwenye reli, akanionyesha jambo ambalo kwa miaka minne ya masomo sikuwa nimelijua: kwamba alipiga pahala tofauti kwa shughuli tofauti. Ya kuamka aliipiga katikati, kwa haraka. Ya darasa aliipiga pembeni. Na ile ya msiba aliipiga juu kabisa, karibu na mnyororo, mara tatu, akingoja mlio ufe wenyewe kabla ya kupiga tena. Yote hayo yaliingia kwenye ukanda.

Nikarudi kazini. Siku zile kanda zilikuwa adimu. Fedha za kigeni hazikupatikana, nasi tulikuwa tukinasa juu ya vilivyonaswa. Wiki ya pili nilihitaji ukanda kwa matangazo. Juu ya meza yangu palikuwa na kanda mbili. Wa kwanza ulikuwa na muziki wa dansi wa Ulaya, ambao santuri yake ilikuwapo ukutani nyuma yangu. Wa pili ulikuwa wa mzee wa kengele. Hakuna bosi aliyeniamuru, hakuna aliyeniona. Niliufuta wa mzee. Kichwani mwangu ule wa kwanza ulikuwa muziki, na huu ulikuwa kelele za shuleni.

Mzee alifariki mwaka 1986. Miezi miwili baadaye kijana wake alifunga safari hadi mjini, akanikuta getini. Akasema, "Shikamoo kaka. Baba alituambia sauti yake iko redioni kwenu. Mama amenituma niisikilize, kisha nikamweleze." Nilimjibu kwamba kanda zilihamishwa na bado hazijapangwa. Alinishukuru, akaondoka. Hazikuhamishwa. Nilisema uongo, kwa sababu ukweli ungenitaka nimweleze kwa nini, nami sikuwa na cha kueleza.

Miaka ilipita. Mwaka 2009, karibu ya kustaafu, kijana mmoja aliyeletwa kwetu kujifunza kazi alinivalisha vipokea sauti vyake, akanisikilizisha kitu kwenye kompyuta. Ule mvumo ukapanda na kushuka, ukaisha. Nikamwuliza, "Mtambo gani huu umeharibika?" Akasema, "Mzee, huu ni wa mwaka 1944. Umetoka Cairo, kwenye ngoma ya pepo." Nikamwambia aupige tena. Niliusikiliza mara nne siku hiyo. Mara ya nne nilikuwa nasikia mnyororo wa reli, na mtu anayengoja mlio ufe.

Nilijitetea moyoni kwa muda mrefu. Nilisema vifaa vyetu vilikuwa duni. Lakini waya wa El-Dabh ulikuwa duni kuliko ukanda wangu. Nilisema mashine haikuwa yangu. Ya kwake pia haikuwa yake. Nilisema sikufundishwa muziki. Yeye alikuwa mwanafunzi wa kilimo. Alikuwa na miaka 23, mimi nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na mshahara. Kila utetezi nilioutoa uliniangukia. Tofauti kati yetu ilikuwa moja tu: yeye alidhani sauti za akina mama wa mtaani kwake zina kitu ndani, mimi sikudhani hivyo juu ya mzee wetu.

Sasa nawageukia nyinyi wanafunzi. Msije mkadhani haya ni ya wazee na marehemu. Yuko kijana wa Nairobi, Joseph Kamaru, anayetumia jina la KMRU, ambaye mwaka 2020 alitoa albamu iitwayo Peel, nayo ikasikilizwa mbali na kwao. Hunasa sauti za mahali alipo, kisha akazifanyia kazi polepole kwa kompyuta, mpaka usijue ni mji au ni upepo. Babu yake ni yule mwimbaji wa Kikuyu Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, na mjukuu huyo huyo amejishughulisha kuzitoa upya kazi za babu yake zisipotee. Mnaona basi kwamba kubuni na kuhifadhi si kazi mbili zinazogombana. Sikio lililozoea kusikiliza kwa makini hufanya zote mbili.

Leo asubuhi Mwalimu Mkuu amenieleza kwamba king'ora cha umeme kimekwisha kununuliwa, na kwamba reli itateremshwa likizo ya mwisho wa mwaka. Sipingi. Shule ina wanafunzi wengi kuliko zamani, na mlio wa reli haufiki mabweni mapya. Ninachoomba ni kwamba isiteremshwe kabla haijanaswa.

Wenzangu tuliomaliza mwaka 1973 tumechanga, tumenunua kinasa sauti kidogo, hiki hapa. Kinaingia mfuko wa shati, na kinashika saa nyingi kuliko kanda zote nilizopata kuzibeba begani. Tunakitoa kwa shule kwa masharti matatu. Sharti la kwanza, kisifungiwe kabatini. Mwanafunzi akitaka kukiazima, aandikishe jina lake, apewe. La pili, kila sauti iandikwe daftarini: siku, mahali, nani anasikika, na kwamba aliombwa ruhusa, kisha nakala ziwekwe pahala pawili. La tatu, na hili nimelilipia ada, msifute kitu chochote kabla hakijasikilizwa na watu wawili, mmoja wao awe mkubwa wenu kwa umri.

Anzeni na reli. Inaseni kwa karibu, inaseni kutoka bwenini alfajiri, inaseni mvua ikinyesha. Kati ya wazee walioketi hapa yumo aliyekuwa kiranja wa kengele mwaka 1971. Mshikeni kabla hajapanda basi, awaonyeshe mlio wa msiba, maana nadhani amebaki yeye tu. Halafu, atakayependa, aingie ndani ya sauti hiyo kwa kompyuta ya maabara, aondoe ule mlio wa msingi, asikilize kilichokuwa kimefunikwa. Kama kitakuwa muziki au redio iliyokosa stesheni, mtaamua wenyewe.

Mwakani, Mungu akinijalia uzima, nitarudi kusikiliza, wala sitakuja peke yangu. Mwezi uliopita nilimtafuta kijana wa mzee wa kengele, ambaye naye sasa ana wajukuu. Nikamweleza ukweli, miaka mingi baada ya uongo wangu wa getini. Alinyamaza, nikadhani atakata simu. Kisha akaniuliza kama reli ingali pale pale mwembeni. Nikamwambia ingalipo. Akasema basi atakuja.